Jamaica Inn: kitabu cha baridi kwa likizo ya joto

Haya jamani, karibuni tena. Dar kunawaka, feni inazungusha hewa ya moto tu, na mimi nimeshinda na kitabu cha mvua na upepo mwanzo mpaka mwisho. Hiki hapa: Jamaica Inn, cha Daphne du Maurier, kilitoka 1936. Jina lisikuchanganye, kisiwa cha Jamaica humo hukioni. Ni nyumba ya wageni huko Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, na ipo kweli mpaka leo, watu wanakula na kulala pale.

Kisa ni cha mwanzoni mwa karne ya 19. Mary Yellan, binti wa miaka 23, kafiwa na mama, anakwenda kuishi kwa Patience, ndugu wa marehemu. Mwendesha gari la farasi anamwonya: watu wa heshima hawashuki pale tena. Yeye anashuka. Anapokelewa na mume wa Patience, Joss Merlyn, pande la mtu, mlevi, na usiku mikokoteni inaingia uani na mizigo isiyoulizwa.

Sitawamalizia utamu, ila magendo ndiyo dhambi ndogo mle ndani. Kuna meli zinavutwa kwenye miamba kwa taa za uongo. Wanahistoria wanasema ushahidi wa taa hizo ni haba. Sawa, lakini ukifika hapo hutauliza.

Aliyenikaa rohoni ni Patience. Mary anamkumbuka mchangamfu, mpenda mavazi. Anayemkuta anatetemeka mumewe akiinua sauti tu, na bado anamtetea. Mzimu hakuna hata mmoja kwenye kitabu hiki, na sikuuhitaji.

Na mapenzi? Yapo. Jem, mdogo wake Joss, ni mwizi wa farasi. Kwenye gulio la Launceston, mkesha wa Krismasi, anamuuzia mke wa bwana mkubwa farasi aliyemwiba kwa bwana huyohuyo! Nilicheka peke yangu. Mary anajua kabisa kijana hana mbele wala nyuma, na anampenda hivyohivyo, bila kujidanganya.

Kasoro: adui mkubwa utamnusa mapema, na nyika inaelezwa mpaka unachoka. Kiingereza chake kina sentensi ndefu za kizamani, kwa hiyo sura ya kwanza ivumilie. Baada ya hapo kinakimbia.

Kwa safari ya basi ya sikukuu, kibebe. Ila pale Joss anapolewa na kuanza kusema aliyoyatenda, mwoga asome mchana.