Tripu ilihamishwa usiku, mwanangu akaachwa ofisini: uzoefu wangu na shule ya mtoto

Nimekaa na hili jambo zaidi ya wiki mbili nikisema ngoja hasira zipoe ndo niandike, ila kila nikiliona lile begi lake dogo la bluu pale mlangoni zinarudi upya, basi naandika hivihivi zikiwa za moto. Jina la shule sitaji. Ni shule ya kulipia huku kwetu upande wa Tabata, ina chekechea na msingi, binti yangu ana miaka mitano yuko chekechea. Mambo ya ada shilingi ngapi, bembea ngapi, madarasa mangapi, nenda getini utapewa karatasi yenye kila kitu na picha juu. Mi nataka kuongelea ratiba ya wiki tu.

Kwa asiyejua, kila Ijumaa mtoto anarudi na karatasi moja imekunjwa ndani ya dayari, imeandikwa mambo yote ya wiki inayokuja, siku gani tisheti ya michezo, siku gani waje na nini, kuna mgeni gani, halafu nakala yake inarushwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Na nitasema ukweli kabisa, ile karatasi ndo iliyonifanya niipende shule. Inaandikwa na ticha wa darasa lao mwenyewe na unaona mtu anapenda kazi yake. Wiki moja walikuwa kwenye herufi M, kila mtoto abebe kitu cha nyumbani kinachoanzia na M, binti akachukua mwiko wa ugali, tena ule mkubwa, mdogo kaukataa, kapanda nao basi kaukumbatia kama mdoli. Wiki nyingine walipanda maharage kwenye vikopo vya mtindi, na mpaka leo kila asubuhi ananieleza kwamba haragwe linakunywa maji kwa mguu.

Tena ile wiki ya Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, mi nilidhani wataimba tu wapewe juisi warudi. Kumbe ticha aliwakalisha chini akawasimulia habari za watoto wa Soweto kule Afrika Kusini mwaka 1976, walivyoingia barabarani kukataa kusomeshwa kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu, akasimulia kwa kipimo cha watoto wa miaka mitano bila kuwatisha. Jioni binti kanifuata jikoni, "mama, kumbe mtoto anaweza kumwambia mtu mzima hapana?" Nikamwambia ndio mwanangu, kwa adabu. Hilo swali naomba mlikumbuke maana nitalirudia.

Sasa ikaja karatasi ya tripu. Alhamisi, chekechea wote, Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama barabara ya Bagamoyo, wakaone nyumba za asili za makabila na ngoma. Elfu ishirini na tano, humo basi, kiingilio, soda na tisheti ya njano ambayo mtoto atapewa aende nayo nyumbani siku moja kabla. Nililipa siku ileile kwa simu, nikapiga picha muamala nikawatumia, wakajibu "imepokelewa mama, asante".

Mjue kwa nini hii tripu ilikuwa kubwa nyumbani kwetu. Bibi yake mzaa baba ni Mhaya, yuko Bukoba, na kila Jumapili akipiga simu anamsimulia mjukuu wake habari za msonge, ile nyumba ya duara ya nyasi, nyasi toka kileleni mpaka chini, jinsi wao walivyolala humo wakiwa wadogo, chini kumetandikwa nyasi kavu, na mlango unaingia umeinama kwa heshima. Bibi akasikia kwamba Makumbusho upo msonge wa Kihaya. Wiki nzima tulikuwa tunahesabu siku kwa vidole. Jumapili vidole vinne, Jumatatu vitatu. Jumatano asubuhi kanionyesha kimoja, nimemfunga viatu, sare ya kawaida, kopo lake la chapati, anti wa basi kampokea kama siku zote, hakusema neno, basi likaenda.

Saa tano hivi niko dukani, naangalia status za watu, mama mmoja mwenzangu kaweka picha. Watoto wa njano wamepangwa mistari miwili mbele ya nyumba ya udongo. Nikasema hawa shule gani tena wana tisheti kama zetu. Nikavuta picha kwa vidole, namwona yule mtoto wa kwa jirani, namwona yule mwenye pengo rafiki yake, navuta sura moja moja mstari wa kwanza mpaka wa mwisho natafuta ya wangu, narudia tena. Mikono ilikuwa inatetemeka jamani. Nikapiga simu ofisini haipokelewi, nikapiga tena, nikamwachia dada wa duka la pili aniangalizie, nikachukua bodaboda.

Nimemkuta kwenye benchi ofisini, chini ya ubao wa matangazo. Yuko na wenzake wawili, mmoja kalala. Yeye hajalala, kakaa wima mikono juu ya begi, ananiangalia na kunambia kwa sauti ndogo kabisa, "mama, wamesema niwe mtulivu, tripu yangu ni siku nyingine." Mtoto wa miaka mitano. Hakulia. Angelia ningejua nifanye nini.

Nikamsogelea sekretari, nikasalimia vizuri tu, nikamuuliza dada imekuaje, tripu si kesho? Sasa hapa ndo mimi na hii shule tulipofika. Hakunyanyua macho kwenye kompyuta. Kasema, "Mama, tangazo lilitumwa." Nikauliza lini. "Jana, kwenye grupu." Nikafungua simu mbele yake. Kweli lipo, limetumwa saa tano kasoro dakika nane usiku, limebanwa katikati ya mapicha ya majoho ya mahafali waliyoyarusha moja moja, kijimstari kimoja, tripu imesogezwa mbele iwe kesho Jumatano, tisheti watapewa palepale shuleni, watoto wafike kabla ya saa moja na nusu. Na lile grupu wamelifunga, wanaandika maadmini peke yao, hata mzazi akitaka kuuliza hana pa kuulizia. Mi saa hizo nimelala, naamka saa kumi alfajiri. Na basi la kwetu linafika saa mbili kasoro kila siku, basi la shule hilohilo, lao wenyewe! Yaani wameweka muda ambao basi lao haliwezi kuuwahi, halafu watoto wa basi hilo wameachwa.

Nikamwambia hivyo, kwa utulivu nilioutafuta kwa shida. Ndo akanyanyua macho. Akasema, "Wazazi wengine mbona wameona?"

Hiyo sentensi. Mbele ya mtoto. Nimeshawahi kujibiwa vibaya, hospitali nimejibiwa, serikali za mitaa nimejibiwa, ila hii imenikaa kifuani kwa sababu mwanangu alinigeukia akaniangalia, na nikaona anaelewa kwamba kosa ni la mama yake. Nikasimama pale nikaangalia juu kwenye ubao, na ratiba ya wiki bado imebandikwa, neno Alhamisi limekatwa kwa peni ya bluu, pembeni wameandika "J5" kwa maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa ya chooni, na nusu yake imefunikwa na tangazo la mahafali. Ndo taarifa hiyo.

Kitu kinachoniuma mpaka sasa ni simu. Namba yangu iko kwenye fomu ya kujiunga, iko kwenye dayari ukurasa wa kwanza, iko kwa dereva, iko kwa anti. Ada ikichelewa siku tatu simu zinaingia tatu kwa siku. Saa mbili asubuhi watoto watatu wamefika, wamelipiwa, wenzao wametoka, mtu mmoja tu angepiga, ningekuja na bodaboda ningempeleka mwenyewe Kijitonyama, wala nisingelalamika nauli. Hakuna aliyepiga. Kwao tangazo likishatumwa kazi imeisha.

Nikaomba hela irudi. Eti hairudi, basi lilishalipiwa. Sawa, lilipiwa, na kiti cha mwanangu kimeenda kitupu kimerudi kitupu. Tisheti ndo akapewa. Alikataa kuivaa.

Mpaka hapo nilikuwa nasema nyota moja na moja yenyewe ni ya mpishi, maana yule mama wa jikoni ndiye aliyewaletea uji wale watoto benchini na kuwakalia kidogo, wala siyo kazi yake. Lakini nikiandika hivyo namkosea mtu. Usiku ule ticha wa darasa alinipigia, saa mbili, sauti imekauka. Kumbe yeye alipewa orodha imeandikwa hao watatu hawajafika shule, akaondoka akijua wako nyumbani wanaumwa. Amekuja kujua kwenye kurudi, alipowakuta benchini. Aliniambia, "mama, niliposhuka kwenye basi nikamwona pale nilitamani ardhi inimeze," akaomba aongee na binti, wakaongea muda mrefu mlango umefungwa, sijui walichoongea, ila asubuhi yake mtoto alikubali kwenda shule na mi nilikuwa nimeshajiandaa kwamba atagoma. Huyo mwalimu nyota tano, na kama ziko sita nampa. Kwa hiyo nikasema labda nimehukumu haraka, shule ni walimu, ofisi kila mahali ndo zilivyo, tusameheane.

Halafu Ijumaa likaja kwenye grupu tangazo la mwalimu mkuu. "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Wowote! Hakuna jina, hakuna tukio, hakuna watoto watatu, na chini yake palepale wakaweka kumbukumbu ya mchango wa majoho. Nikarudi kwenye nyota moja siku hiyohiyo. Nikaenda kumwona Jumatatu, akanipokea vizuri, kiti nimepewa, maji nimepewa, nikamwambia shida yangu siyo hela. Tarehe ikibadilika ije kwenye karatasi, na ikiwa usiku mpige simu, na mtoto akikosa safari mzazi ajulishwe saa ileile siyo aone kwenye status ya mtu. Akaandika kwenye daftari, akasema wamepokea. Nikamuuliza na yule dada wa ofisini je, ataongea na mwanangu? Kacheka kidogo, "mama, watoto wanasahau haraka."

Hawasahau. Jumamosi nimefunga duka mapema, tumepanda daladala ya Makumbusho mimi na yeye, tukashuka stendi tukatembea. Kavaa tisheti ya njano, kaivaa mwenyewe sikumwambia. Zile nyumba nyingine kazipita bila hata kuzitazama, anauliza kila mtu anayemkuta ule wa bibi uko wapi. Tulipofika kwenye msonge wa Kihaya kasimama mbali kwanza akauangalia mpaka juu. Halafu akaingia ameinama, yeye mwenyewe kimo chake hahitaji kuinama, kainama kwa sababu bibi alimwambia. Ndani kuna giza na ubaridi fulani mzuri na harufu ya nyasi. Nikampigia bibi kwa video, mtandao unakatakata, bibi kaona giza tu na meno ya mjukuu wake, analia huku anacheka anaongea Kihaya ambacho hakuna kati yetu anayekielewa vizuri, na mtoto anajibu "ndio bibi, ndio bibi, nimeinama".

Kwenye daladala wakati wa kurudi ndo kaniuliza. "Mama, siku ile pale benchini ningemwambia yule anti wa ofisini hapana?" Nimeshindwa kujibu mpaka tukafika Buguruni.

Kwa hiyo mzazi unayeulizia kama umpeleke mwanao, mi nakwambia hivi, darasani mpeleke. Kweli mpeleke, utaona anavyorudi na maswali. Ila usiiamini ile ratiba hata siku moja, kila jioni piga simu uulize kesho kuna nini, na jina la unayeongea naye liandike. Hapana, hata hivyo ni kazi kubwa mno kwa mtu anayelipa ada, nafuta, sijui nikushauri nini. Mi mwenyewe sijui. Fomu ya muhula ujao iko juu ya friji tangu juzi, sehemu ya mahafali nimejaza kwa sababu ticha atakuwepo na binti ana shairi lake analolikariri bafuni. Sehemu ya tripu sijaweka tiki. Kama kuna mzazi wa huku Tabata, Segerea au Kinyerezi anayejua chekechea ambayo mtu anapigiwa simu, nakuomba uniandikie hapa chini, nasoma zote.