Uzoefu wangu: kutumia wakala kupata idhini ya kifaa cha redio Zambia na Kongo, nikiwa Kigoma

Karakana yetu ya watu wanne iko Kigoma mjini, na kifaa tunachotengeneza hufungwa kwenye boti za uvuvi ili mwenye boti aliyebaki nchi kavu ajue ilipo usiku kucha. Kifaa husoma mahali kilipo kwa GPS, kisha kila baada ya dakika kumi hurusha taarifa fupi kwa LoRa, yaani redio ya umeme kidogo inayofika mbali, hadi kwenye mnara mdogo uliosimikwa mwaloni. Siku moja pale Kibirizi, mzee mmoja mwenye boti tatu aliniuliza: "Fundi, vijana wangu wakisukumwa na upepo hadi upande wa Kalemie, hicho kitaendelea kuonekana?" Kwa upande wa ufundi niliweza kumjibu ndiyo, ilimradi kule nako kuwe na mnara. Kwa upande wa sheria sikuweza, kwa sababu Ziwa Tanganyika ni la nchi nne na kila nchi ina mdhibiti wake wa mawasiliano anayeidhinisha vifaa vya redio: TCRA kwetu, ARPTC Kongo, ARCT Burundi na ZICTA Zambia. Idhini ya hapa nyumbani haivuki maji.

Tuliamua kuanza na Zambia na Kongo, na tukaikabidhi kazi hiyo kampuni ya uwakala ambayo jina lake nalihifadhi, kwa kuwa nina ya kuisifu na nina ya kuilalamikia.

Sifa yao ya kwanza ni kwamba walisoma nyaraka zetu kabla ya kupokea malipo ya ombi, wakaturudishia. Katika toleo la wakati huo tulikuwa tumetumia moduli (vipande vya redio vilivyo tayari) za 915 MHz, ambazo zilipatikana kwa bei nafuu na zilikuwa na namba ya FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani, juu ya kifuniko chake cha bati, nami nilidhani namba hiyo inakubalika popote duniani. Mhandisi wao alinieleza kwa simu, bila haraka, kwamba Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, limeigawa dunia katika kanda tatu za masafa. Bendi ya 902 hadi 928 MHz imeachwa wazi kwa vifaa kama vyetu katika Kanda ya 2, yaani mabara ya Amerika, ilhali Afrika na Ulaya zipo Kanda ya 1, ambako simu za GSM 900 huzungumza na minara kati ya 890 na 915 MHz. Kwa maneno mengine, kifaa changu kingepiga kelele masikioni mwa minara ya simu, na mdhibiti wa upande wetu wa dunia asingekipitisha kirahisi. Tulibadili moduli zote kuwa za 868 MHz, na hasara ikaishia mezani kwetu badala ya kuishia forodhani.

Hatua ya maabara ndiyo iliyonifundisha mengi. Maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, ambayo ripoti zake ndizo wadhibiti huziamini, haikitaki kifaa kama kinavyouzwa dukani pekee. Sampuli moja ilibidi tuing'oe antena na kuchomelea soketi ya kuunganishia kipimo, na tuiwekee programu maalumu ya kurusha mfululizo, kwa sababu kifaa kinachoongea chini ya sekunde moja kila dakika kumi hakimpi mpimaji nafasi ya kukipima. Kigezo cha Ulaya tulichopimiwa, EN 300 220, kinaruhusu kurusha kwa nguvu ya miliwati 25 kati ya 868.0 na 868.6 MHz, tena kwa asilimia 1 tu ya muda, yaani sekunde 36 katika kila saa. Wakala alitutumia mchoro unaoonyesha mahali pa kukata na mahali pa kuchomelea, na mchoro huo ulikuwa sahihi hadi milimita. Hata hivyo hawakutueleza kwamba betri ya lithiamu haisafirishwi bila ripoti ya UN 38.3, yaani vipimo vya usalama wa betri safarini, na kifurushi chetu kikakwama njiani hadi tulipoipata kwa mtengenezaji wa betri.

Lalamiko langu kubwa ni jina la kifaa. Ripoti ya vipimo iliandika jina la modeli likiwa na kistari katikati, lebo yetu haikuwa nacho, na mwongozo wa mtumiaji ulikuwa na jina la toleo la zamani. Mtu anayelipwa kwa kazi hii alipaswa kuliona, lakini faili liliwasilishwa hivyo hivyo, likarudishwa, nasi tukapoteza wiki tano katika msimu ambao wavuvi walikuwa na fedha.

Pia nilisikitishwa kuona kwamba katika rasimu ya kwanza cheti kilikuwa kitolewe kwa jina la wakala. Nawaomba wenzangu wenye karakana ndogo waliangalie jambo hili kabla ya kutia saini, kwa kuwa mwenye jina kwenye cheti ndiye mwenye kauli, na siku mkiachana huenda ukalazimika kuanza upya. Tulibishana siku tatu. Mwishowe wao wakabaki kuwa wawakilishi wetu, na cheti kikawa chetu.

Kwa Kongo nawapa alama za juu. Mvuvi wa Kalemie huzungumza Kiswahili kama mimi, ila faili la mdhibiti ni la Kifaransa, na tafsiri waliyoifanya ya mwongozo na maelezo ya kiufundi haikurudishwa hata mara moja.

Vyeti vyote viwili ninavyo sasa. Ada yao ni nzito kwa karakana kama yetu, lakini kwa Burundi nitawatumia tena. Barua ya uwakilishi nimeshaiandika mwenyewe, na jina la kifaa nimelinakili kutoka kwenye lebo nikiwa nimeishika mkononi.