TAHADHARI: "Seti kamili ya mkweaji" inayouzwa mitandaoni, msinunue

Wadau wa kukwea miamba, hasa nyinyi mnaoanza, kuna muuzaji anayezungusha seti ya vifaa mitandaoni hapa Nairobi, na baadhi ya vitu anavyouza vinaweza kuua mtu. Jina la ukurasa wake siliandiki. Limeshabadilika tangu tuanze kumfuatilia, na ukikariri la leo utapitwa na la kesho. Kariri mtindo wake.

Tangazo linasema hivi: kamba mita 50, hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani), karabina nane (vile vibanio vya chuma vyenye mlango), kifaa cha kubileya (cha kuidhibiti kamba ya mwenzako anayepanda), helmeti na mfuko wa chaki, vyote kwa shilingi 16,500. Picha ni safi kabisa, za vifaa vya Petzl na Black Diamond, zimechukuliwa moja kwa moja kwenye tovuti za watengenezaji. Chini anaandika kuwa seti inafaa "Hell's Gate, Lukenya, Mlima Kenya na Kilimanjaro". Tuanzie kwenye hiyo bei. Kamba mpya ya mita 60 yenye cheti, hiyo kamba peke yake, huko Ulaya kwa kawaida hupita euro 100 kabla hujalipia usafiri wala ushuru. Sasa huyu bwana anakuletea kamba, hanesi na karabina nane kwa pesa hiyo hiyo. Nani anamlipia tofauti?

Dada mmoja wa kundi letu alinunua. Aliuleta mzigo Lukenya kwa furaha zote, na mtu unaona aibu hata kuanza kumwambia. Kwetu kifaa kigeni hakivaliwi na mtu kabla hakijakaguliwa, kwa hiyo tulimwaga kila kitu juu ya turubai.

Kamba ndiyo iliyotutisha. Kwa macho ilikuwa nzuri: rangi ya chungwa yenye vidoa vyeusi, nene, laini mkononi. Ncha zake zilikuwa zimechomwa kwa kiberiti, hazina ukanda wowote wa maandishi. Kamba halali ya kukwea huwa na ukanda kwenye kila ncha, wenye alama inayosema ni ya aina gani (nambari 1 ndani ya duara ni kamba inayotumika peke yake). Yake haikuwa na chochote. Ila kwenye tangazo ilisifiwa kwamba inabeba "25 kN" (kilonewtoni, kipimo cha nguvu).

Hapo kwenye sifa ndipo muuzaji alipojiumbua. Kamba ya kukwea haisifiwi kwa mzigo inaobeba. Sifa yake ni kuvutika. Mtu akianguka, kamba inarefuka kidogo na kumpokea taratibu, ule mshtuko usiishie kwenye mgongo wake na kwenye nanga zilizoshikilia mwamba. Chini ya kiwango cha Ulaya cha EN 892, kamba ya aina ya 1 huangushiwa uzito wa kilo 80 tena na tena, kwa mwanguko mkali kuliko karibu wote utakaoupata mwambani, na lazima istahimili angalau mara 5. Mshtuko wa mwanguko wa kwanza hautakiwi kuzidi 12 kN. Ndiyo maana kwenye karatasi yake unasoma idadi ya mianguko na kiasi cha mshtuko, na hapo kN ikiwa ndogo ndiyo afadhali. Nyingi nzuri ziko kwenye 8 au 9. Anayekuja na 25 kwa kujivunia, ama anakuuzia kamba isiyovutika ama hajui anauza nini, na mwambani hayo mawili hayana tofauti.

Niseme haki. Kamba isiyovutika, ile ya EN 1891, si kamba mbaya. Waokoaji wanaitumia, wanaoingia mapangoni wanaitumia, na hata kumbi kadhaa za kukwea huifunga pale ambapo kamba inatoka juu na mkweaji haanguki umbali wa maana. Lakini usiongoze njia nayo. Ukipanda mbele huku kamba ikiwa chini yako, kisha uanguke mita kadhaa juu ya kitu kisichovutika, mwili wako ndio utakaobeba gharama.

Ya huyu dada haikufika hata hapo. Tulikata kipande kifupi, tukakikamua ndani ya ndoo ya maji ili hewa itoke, tukakiachia. Kikaelea. Nailoni huzama, polipropilini huelea. Hii ni kamba ya hadiwea, ile ile inayofunga mizigo kwenye malori ya Mombasa Road ambayo unayaona ukiwa juu ya mwamba wa Lukenya. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 165, wakati nailoni hustahimili hadi zaidi ya 210. Kamba ikisuguana na kamba nyingine au ikipita kwa kasi kwenye kifaa cha kubileya, joto hupanda haraka mno. Jua nalo huila polipropilini vibaya. Ila msije mkaichukulia ndoo ya maji kama cheti. Poliesta inazama pia, na nailoni isiyovutika inazama. Kuelea kunakuambia itupe. Kuzama hakukuambii lolote.

Hanesi ilikuwa mkanda wa mjengo. Ni ule wa pete mbili ubavuni ambao fundi hujifungia kwenye nguzo ili mikono ibaki huru, na ulikuwa umeongezewa mikanda ya mapaja kwa uzi ambao hata fundi cherehani wa mtaani angeuonea haya. Mikanda hiyo ya pete za ubavuni ina kiwango chake, EN 358, na imetengenezwa kumshikilia mtu mahali pake akifanya kazi. Kudaka mtu anayeanguka si kazi yake. Hanesi ya kukwea ni EN 12277, na mbele ina kitanzi kimoja imara cha kubileya. Lebo ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Dada alipomwuliza muuzaji, jibu lilikuja: "Lebo tunatoa sababu inakwaruza ngozi, sister, usiwe na wasi."

Karabina sita kati ya nane ziliandikwa "12KN", basi. Hizo ni za kuning'inizia bembea za kulalia kambini, na kwa kazi hiyo hazina ubaya. Karabina ya kawaida ya kukwea chini ya EN 12275 lazima ibebe angalau 20 kN kwa urefu ikiwa imefungwa, na ubavuni mwake utakuta tarakimu tatu zenye vishale: nguvu kwa urefu, nguvu kwa upana, na nguvu mlango ukiwa wazi. Mbili zilizobaki zilikuwa na mkwaruzo wa msasa mahali pale pale ambapo vibanio vya funguo huandikwa kuwa si vya kukwea. Mtu aliketi mahali fulani na karatasi ya msasa akafuta onyo kwa mkono wake. Wengine mtasema labda muuzaji mwenyewe ametapeliwa na aliyemwuzia. Kwa kamba na hanesi ningeweza kukubali. Kwa msasa, hapana.

Helmeti ilikuwa ya ujenzi, imebandikwa stika. Tofauti iko kwenye ukanda wa kidevu: wa helmeti ya viwandani ya EN 397 umetengenezwa uachie kwa nguvu ndogo ili usimnyonge mfanyakazi akinaswa mahali, na wa EN 12492 ya kukwea umetengenezwa usiachie. Ukianguka na ile ya ujenzi, inaweza kukutoka kabla kichwa hakijagonga. Kifaa cha kubileya hakikuwa na alama hata moja. Mfuko wa chaki ulikuwa sawa.

Swali linaloulizwa kila mara: alama ya CE, ile ya bidhaa inayodaiwa kutimiza masharti ya Ulaya, je? Ile inayozungumzwa mitaani kwamba herufi zikibanana maana yake ni "imetoka China" ni porojo, achaneni nayo. Kilicho kweli ni kwamba vifaa vya kuzuia mwanguko, chini ya sheria za Ulaya, viko kwenye kundi la juu kabisa la hatari, na kwa sababu hiyo baada ya CE lazima kuwe na tarakimu nne za taasisi inayosimamia ukaguzi, kwa mfano 0082 ya Apave kule Ufaransa au 0123 ya TÜV SÜD ya Ujerumani. CE tupu kwenye kamba au karabina haitoshi. Na tarakimu zikiwepo bado usilale, kwa maana zinaigwa. Mwaka 2011 Petzl wenyewe walitoa tahadhari kwa umma kuhusu nakala bandia za vifaa vyao, zilizofanana na halisi hadi jina na alama. Kwa hiyo chanzo cha kifaa kina uzito kuliko maandishi yaliyomo juu yake: nani ameuza, risiti iko wapi, karatasi ya maelekezo iko wapi, na nambari ya kundi kwenye kifaa inalingana na ya kwenye karatasi au la.

Sasa mtindo wa malipo. Anataka nusu kwanza "kushika mzigo". Kisha mzigo unakwama uwanja wa ndege wa JKIA na ushuru unahitaji kuongezewa kidogo. Kisha boda anafika, lakini huruhusiwi kufungua furushi kabla ya kumalizia. Jina linalotokea kwenye M-Pesa si lile la duka, na ukiuliza, ni la "mhasibu wetu". Ukiomba picha ya lebo ya kifaa chenyewe, kando yake karatasi yenye tarehe ya leo, anakutumia tena picha ya tovuti. Hiyo picha ya lebo ndiyo dawa yake. Mwuzaji wa kweli anaipiga kwa dakika moja, huyu anakublok.

Ana ujanja mwingine ambao unaniudhi kuliko wote. Anawaandama watu wanaojiandaa kupanda Mlima Kenya na Kilimanjaro kwa miguu, anawaambia bila hanesi na kamba askari wa geti watawarudisha. Uongo. Kufika Point Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, ni kutembea. Kilimanjaro kwa Marangu au Machame ni kutembea. Kamba zinahitajika kwenye Batian na Nelion, vilele viwili vya juu kabisa vya Mlima Kenya, na huko hakuna mtu mwenye akili anayekwenda na seti ya mtandaoni bila mtu anayeujua mwamba ule. Kama safari yako ni ya Lenana, pesa hizo nunulia koti la mvua na glavu.

Na kwa anayeanza kukwea hasa: miezi ya kwanza unahitaji viatu vya kukwea, basi. Ukipenda, na hanesi yako mwenyewe, mpya, kutoka kwa mtu unayeweza kurudi kwake. Kamba, karabina na nanga ni vya kundi au vya mwalimu, na wewe bado hujui kuvikagua. Huo ndio mtego wa "seti kamili": unamwuzia mtu asiyejua kamba jukumu la kuwa mwenye kamba, kisha rafiki zake wawili wasiojua zaidi yake wanaifuata Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba wa Hell's Gate, wikendi. Nendeni kwa Mountain Club of Kenya, wana klabu yao pale uwanja wa ndege wa Wilson, au kwenye ukuta wa ndani ulio karibu nawe, ushike vifaa halisi mkononi kabla hujanunua. Mkono ukishazoea kamba ya kweli, kamba ya lori utaitambua gizani.

Mtaniuliza kuhusu mitumba, maana soko la Gikomba mara moja moja hutokea hanesi yenye jina kubwa kwa shilingi mia nane. Kiatu, nunua. Mfuko, nunua. Kitu chochote cha nyuzi kinachobeba mwili wako, kiache hata kama ni halisi. Petzl, kwa mfano, huweka kikomo cha miaka 10 tangu kutengenezwa kwa vifaa vyao vya nguo na plastiki, hata kama havijawahi kutumika, na ile lebo yenye mwaka ndiyo inayofifia kwanza. Zaidi ya hapo, hujui ililala wapi. Tindikali ya betri ya gari, hata mvuke wake, huoza nailoni bila kuacha doa. Unaweza kushika ukanda unaoonekana mpya na kumbe umekwisha. Ndiyo sababu kamba haisafiri kwenye buti karibu na betri ya akiba, hilo nalo nimeliona sana.

Kama umeshamlipa na ndiyo kwanza, tuma ujumbe wa muamala kwenda 456 ya Safaricom mara moja. Ukimwahi kabla hajatoa pesa, kuna nafasi. Meseji zake zipeleke 333. Usifute mazungumzo, piga picha za skrini pamoja na namba na jina la M-Pesa, kisha uandikishe taarifa polisi na upate namba ya OB (kitabu cha matukio). Vifaa vyenye majina ya kampuni yaliyoibwa ni kazi ya Anti-Counterfeit Authority, wapelekeeni. Dada wetu ameshafanya hivyo, na kadiri malalamiko yanavyokuwa mengi ndivyo faili linavyokuwa zito.

Na kama vitu viko nyumbani, msiviuze kupunguza hasara, wala msimpe kijana wa jirani. Chukua kipande kimoja cha ushahidi, kilichobaki cha kamba kikate vipande vya mita moja moja, hanesi ipasue kwa mkasi, karabina zining'inizie sufuria. Ukiona tangazo lake chini ya jina jipya, weka picha ya skrini hapa chini ukionyesha tarehe, kabla halijafutwa.