Planet Hunters TESS: wiki tatu nikiwinda sayari kwa simu

Jamani kama wewe pia hulala na simu mkononi, jaribu hii. Planet Hunters TESS ni mradi wa kutafuta sayari za nyota nyengine, uko kwenye tovuti ya Zooniverse ambapo watu wa kawaida husaidia wanasayansi, bure kabisa, hata akaunti si lazima ufungue, na mie wiki tatu sasa nikishafunga duka hapa Majengo kazi yangu ni kuchambua nyota tu.

Unapewa grafu ya mwanga wa nyota moja, vipimo vya TESS, satelaiti ya NASA inayowinda sayari, vidoto vimejipanga, unatafuta pale mwanga ulipozama kidogo ukarudi, maana huenda sayari imekatiza mbele. Na ni kidogo kweli, Dunia yetu ikikatiza Jua mwanga hupungua chini ya asilimia 0.01, hata Mshtarii na ukubwa wake wote ni kama asilimia 1.

Utamu ni nyota zenye sayari nyingi. Kaa Likoni usiku utazame taa ya ng'ambo, feri kubwa yaikatiza, ndogo nayo yaikatiza, ukihesabu dakika utajua ni ngapi na ipi ina mwendo gani hata kama zenyewe huzioni kwa giza. Ndivyo hivyo. Halafu sayari huvutana, moja yawahi kukatiza nyengine yachelewa, nyota iitwayo Kepler-9 mwaka 2010 ilionyesha hayo wazi kabisa. Na nyota nyengine, K2-138, iliyotangazwa 2018 ikiwa na sayari tano, iliibuliwa na watu wa kawaida kama sisi kwenye mradi mwengine wa hapo hapo Zooniverse, ya ndani ikizunguka mara tatu inayofuata yazunguka karibu mara mbili, hivyo hivyo mpaka ya tano, subhanallah.

Ushauri wangu, laza simu au tumia laptopu, na ukipata shimo moja, yaani pale mwanga ulipozama, usikimbilie nyota nyengine, rudi utafute la pili. TESS hukodolea eneo moja siku kama 27 tu kwa hiyo sayari ya mbali yaweza kupita mara moja basi, na kompyuta mara nyingi hutaka mipito miwili ndio iamini. Hapo jicho la mtu lina kazi.

Jana nimepata mashimo matatu, mawili sawasawa, la tatu pana zaidi na liko peke yake. Yote nimeyatia alama. Sasa nangoja wenzangu wa mradi nao waipitie grafu hiyo.