Kamba ya nanga: manila ya bluu au nailoni? Yaliyonikuta Deep Sea, Tanga

Haya wakuu, mi nina kidau cha mashine hapa Deep Sea, kwenye soko la samaki la Tanga, na mwaka jana kwenye kununua kamba ya nanga nlijiona mjanja kweli. Ya mkonge tulishaachana nayo zamani (ndio, Tanga hii hii ya mkonge) maana ikishinda majini inaoza, so nikabeba manila ya bluu, bei poa, nyepesi, muuzaji ananiambia hii haiozi kaka.

Kweli haikuoza. Ila inaelea bwana! Ile ni polipropilini, aina ya plastiki nyepesi kuliko maji, ikilegea tu inabaki juu juu, jioni moja narudi nikaikanyaga kwa mashine ikajiviringisha kwenye propela, nlizama na kisu giza linaingia. Halafu jua. Miezi saba tu ikaanza kutoa unga mkononi, ukiikunja nyuzi zinakatika kama majani makavu.

Mpwa wangu anasoma kemia, akanicheka kwanza ndo akanielewesha. Anko, hizi zote ni minyororo mirefu ya molekyuli, cha kuangalia ni nini kimening'inia kwenye mnyororo. Ya bluu ni kaboni na haidrojeni tupu, haina cha kuvutana na maji ndo maana hainyonyi, ila kwenye uti wake kila kaboni ya pili ina kitawi pembeni, na hapo kwenye kitawi ndo jua na oksijeni wanapoanzia kuila, mnyororo unakatwa vipande, na vikishakuwa vifupi havishikani tena.

Nikahamia nailoni, bei ilinikata maini. Yenyewe inazama, na minyororo yake ina sehemu zenye naitrojeni na oksijeni zinazovutana na za jirani, imara, lakini kamba inavutika na kurudi. Kusi ya Julai ilipiga usiku kucha, wimbi likija kamba inanyumbuka, kidau hakistuki. Ubaya wake, sehemu zile zile zinavuta maji, ikilowa nguvu inashuka kidogo, so chukua nene kuliko unavyodhani. Jua nayo inalihisi ila siyo kama ile.

Nailoni nane kwa kumi. Ya bluu kwa nanga naipa tatu, kwenye maboya ya nyavu ndo mahali pake, kule unataka ielee. Kipande kilichobaki nlimpa mama watoto aanikie nguo, kanirudishia, anasema unga unaganda kwenye kanga zake.