ChatGPT mezani kwa wakili: nyota tatu kati ya tano

Kufupisha mkataba wa pango wa kurasa 40 au kunyoosha barua ya madai, hapo inafaa sana. Kwenye kesi za rejea, yaani hukumu za zamani za kuegemea, ndipo inapowaangusha watu: hutunga maneno yanayofanana na hukumu, haichomoi jalada kabatini. Mwaka 2023 huko New York, katika Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipeleka mahakamani kesi sita ambazo ChatGPT ilizibuni. Waliiuliza kuhusu mojawapo, Varghese, kama ni ya kweli, ikajibu ndiyo! Faini: dola 5,000.

Kwa hiyo usiiulize yenyewe. Chukua namba ya shauri, itafute TanzLII au Kenya Law (tovuti za hukumu za Tanzania na Kenya), soma aya husika, kisha hakikisha hukumu haijatenguliwa. Na kabla ya kubandika mkataba, futa majina ya wateja na namba za hati za viwanja.