Ripita nimeisamehe, fundi bado

Naandika hasira haijaisha, mtanivumilia.

Ruta yetu, kile kifaa kinachorusha WiFi, iko chini, sebuleni. Mimi chumba changu kiko ghorofa ya pili, na huko mtandao ulikuwa wa kubahatisha: dirishani unashika, kitandani unakata. Nikanunua ripita, kifaa cha kuisogeza WiFi mbele zaidi, kwa kampuni iliyoahidi na kuja kufunga. Fundi akapanda, akaichomeka kwenye soketi ya chumbani kwangu, pale pale penye shida, akaona taa inawaka. "Tayari, dada."

Mistari ya WiFi ikajaa yote. Kufungua video, inazunguka tu. Nikamkimbilia kabla hajafika getini. Akaishika simu yangu kwa vidole viwili, akanirudishia: "Simu yako ya zamani hii. Badilisha simu." Mbele ya mama! Nikamwomba apande tena aangalie, akasema kazi yake imekwisha.

Kinachoniuma ni kwamba nilimwamini. Siku kadhaa nilikuwa natafuta simu nyingine. Kumbe ripita haizalishi intaneti, inapokea na kurusha mbele. Ukiiweka mahali ambapo mawimbi ya ruta yanafika yamechoka, itarusha uchovu huo huo. Ile mistari iliyojaa ilikuwa ya ripita na simu yangu, wala haikusema lolote kuhusu ripita na ruta. Katikati kuna zege lenye nondo, tena mara mbili, na kati ya mawimbi ya WiFi, yale ya 5GHz yenye kasi ndiyo yanayoishia humo, yale ya polepole ya 2.4GHz angalau hupenya. Mtu anayelipwa kwa kazi hii hajui?

Nilishaandika "msinunue kabisa". Nimefuta. Niliihamishia kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, katikati ya ruta na chumba changu, video ikaanza hapo hapo. Kasi ilikuwa kama nusu ya sebuleni, kwa sababu ripita yangu hupokea na kurusha kwa mawimbi ya aina ile ile, kwa zamu. Nyota tatu, nikasema. Halafu kaka akapitisha waya wa mtandao wa Cat6 kando ya ngazi kutoka kwenye ruta hadi kwenye ripita, tukaiweka ripita irushe tu, isipokee tena hewani. Jamani! Chumbani sasa ni sawasawa na sebuleni. Kifaa nakipa tano, huduma sitoi hata moja.

Juzi wamepiga kuuliza kama nimeridhika. Nimewaambia wamlete yule yule, apande ngazi alizozikataa, aone soketi ilipo sasa.